Kabla hujamwita fundi, kaa barazani

Ukuta wa chumba changu cha kulala ulikuwa ukitoka jasho. Ukipitisha kiganja asubuhi, kinarudi na unga mweupe wa chumvi, na lipu iliyopigwa miezi michache nyuma imeshaumuka kama mkate wa kumimina. Fundi niliyemwita alibandua ya zamani, akapiga saruji safi, nikamlipa. Masika yalipoingia, lipu yote ikadondoka kwa vipande, na safari hii ikaondoka na kokoto za ndani ya ukuta.

Aliyenieleza sababu yake ni Bi Mkubwa wa ghorofa ya chini, ambaye kwa nusu mwaka nilikuwa nikimpita ngazini na shikamoo ya haraka. Alisikia kishindo, akapanda, akaokota kipande akakivunja kwa vidole.

"Saruji hii, mwanangu. Nyumba inapumua, umeiziba pua."

Mimi nimekulia Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Kule ukuta ni tofali na saruji, ukipasuka, unaziba. Nilipohamia Malindi, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, nilikuja na akili hiyohiyo. Nyumba za huku ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Mawe hunyonya maji kutoka chini na kutoka mvuani, na chokaa huyaachia yatoke kidogo kidogo. Saruji haiachii. Maji hubaki ndani na chumvi yake, yakitafuna ukuta mpaka unalegea. Bi Mkubwa haya hakuyasoma popote. Ameona kuta za nyumba hii zikipigwa lipu maisha yake yote, na anajua ipi ilidumu.

Kisha akaniuliza swali lililonitia haya: "Umeshakwenda kwa jirani wa ukuta huo?" Sikuwa nimekwenda. Hata jina lake nilikuwa silijui, na tunagawana ukuta mmoja.

Nikaenda. Ni mzee wa Kihindi, familia yake ni katika zile ambazo hazikuondoka baada ya Mapinduzi. Nikapiga hodi, nikaamkia, nikaeleza. Hakujibu kwa maneno. Alinipandisha mpaka juu ya paa lake akanionyesha. Zamani mapaa mengi ya hapa yalikuwa bapa, ya chokaa, kisha yakaezekwa mabati. Bomba la kuteremshia maji ya mvua lilikuwa limeoza hapo kwenye kona, na kila ikinyesha, maji yote yalikuwa yakimwagika kwenye ukuta wetu. Wiki ileile akalibadilisha. Hakunitoza hata shilingi. Alisema tu kwamba aliyekaa kwangu kabla hakuwahi kumwambia kitu.

Ndipo nikaanza kukaa barazani. Kila baada ya alasiri, kitako, pamoja na Bi Mkubwa na yeyote apitaye. Na ndipo nyumba ilipoanza kuniambia mambo yake.

Kwenye kizingiti cha juu cha mlango wetu mkubwa pamechongwa mwaka: 1306, kwa Hijria, yaani 1888 au 1889. Kila mgeni wangu nilimwambia nyumba hii ni ya mwaka huo. Mzee wa Kihindi akanisahihisha kwa upole: mlango huu ulikuja kwa hamali kutoka Shangani, baba yake akiuona kwa macho, wakati nyumba imeshasimama zamani sana. Nikaenda kuutazama upya. Kweli, ule mti wa fremu upande wa kushoto umekatwa chini ili uenee, na nakshi ya mnyororo inakatika ghafla kabla ya kufika sakafuni. Nimepita hapo mamia ya mara na sikuwahi kuona.

Jambo la pili lilikuwa nyuma ya lipu iliyodondoka. Katikati ya ukuta pana umbo la mlango uliozibwa kwa mawe madogo. Bi Mkubwa akacheka alipouona. Mamkwe wake alikuwa akimhadithia kwamba wanawake wa nyumba hizi mbili walikuwa wakitembeleana kwa hapo, bila kushuka njiani wala kuvaa buibui. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya mita 3 hivi, basi anayetaka nafasi zaidi hufungua kwa jirani.

Nilipomuuliza wenye nyumba walikwenda wapi, kimya kidogo kikapita. "Muscat," akasema. "Wengine Dubai." Yeye aliolewa ndani ya nyumba ambayo serikali iliwagawia watu vyumba baada ya 1964, familia moja ilitoka, tano zikaingia, kila moja na jiko lake. Sikumchimba zaidi. Yako mambo ambayo mtu huyatoa siku anayotaka mwenyewe.

Sasa nasema ninaloliamini. Mji Mkongwe una mamlaka yake tangu 1985, umo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, na ukitaka kukarabati unahitaji kibali. Hayo ni mazuri na nayaunga mkono. Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la 1883, sehemu yake ilipoporomoka Desemba 2020 na kuua watu, mji mzima ulilia, na ilistahili. Lakini nyumba kama yetu haina mwandishi wala kumbukumbu ya jumba la makumbusho. Karatasi yake inasema nani mwenye mali. Haisemi maji yanapita wapi, mlango ulitoka wapi, ukuta upi ulikuwa mlango. Hayo yako kwa majirani, tena yamegawanyika: nusu kwa Bi Mkubwa, nusu kwa mzee wa paa la pili, na hawa wawili hawajawahi kukaa pamoja wakayaunganisha.

Ndiyo maana naumia ninapoona nyumba ya mtaani inafanywa hoteli na baraza yake inawekwa mnyororo ili wapita njia wasikae. Wageni wanaolala mle huonyeshwa milango na kuambiwa miaka yake. Nani atawaambia kwamba mlango ulihamishwa? Mwekezaji anayetaka kutunza nyumba na awaite wazee wa mtaa kwanza, awape kahawa, asikilize, kabla mchoro haujachorwa. Na sisi wapangaji tusijifiche nyuma ya shikamoo za ngazini.

Fundi wa chokaa tumempata, kwa kuelekezwa na mzee wa Kihindi. Ameloweka chokaa yake, na amesema haigusi mpaka ikae vya kutosha na ukuta ukauke. Kwa hiyo ukuta uko uchi, mawe nje, na ule mlango wa zamani unaonekana wazi. Mawe yaliyouziba ni machache. Juzi mke wa mzee aligonga kutoka upande wake, mara mbili. Nikashuka, nikazunguka mpaka mlangoni kwake, nikamkuta amesimama na bakuli la urojo.