Bustani ya mji Tabora: nani atashika mpira wa maji mwezi Septemba?

Mgeni anayeshuka treni Tabora mwezi Septemba hupokewa na vitu viwili kabla hajatua mzigo: jua lisilo na wingu, na miembe. Ukimuuliza mtu wa hapa bustani ya mji iko wapi, huenda akasita. Muulize pa kukaa mchana wakati unamsubiri mtu, atakuonyesha mwembe. Chini yake utakuta bodaboda wamepaki, mama anauza chai na vitumbua, wazee wamezunguka bao. Hiyo ndiyo bustani tuliyonayo, na yeyote anayepanga kuiboresha aanze kwa kuitambua.

Miembe hii imebeba mambo mazito. Wafanyabiashara wa misafara ya karne ya 19, walioifanya Tabora kituo kikuu kati ya pwani na Ujiji, walisaidia kuieneza miembe huku bara, na njia hiyohiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo na mizigo ya pembe za ndovu. Tangu 2006 Tanzania imeiweka njia hiyo ya kati, pamoja na Kwihara iliyo jirani na mji wetu, kwenye orodha ya awali ya maeneo inayotaka yaingie katika Urithi wa Dunia. Naitaja historia hii mapema kwa sababu mwembe mkongwe haununuliwi kwa zabuni. Ukiukata leo, mwenzake wa kimo hicho atawakuta wajukuu.

Miradi mikubwa ya miji, kama TACTIC inayogusa miji 45 nchini, imetuzoesha kuona barabara, mitaro, masoko na stendi vikijengwa. Ni haki wakazi waulize: na bustani je? Hapo ndipo watu wanapogawanyika.

Wapo wanaotaka ijengwe bustani kamili: njia za pevingi, taa, vyoo, bembea za watoto, mgahawa, uzio na kiingilio. Hoja yao yenye nguvu, kwa maoni yangu, inahusu ardhi kuliko uzuri. Eneo la wazi lisilo na kitu huonekana halina mwenyewe. Kwanza kinakuja kibanda kimoja, kisha gereji, na baada ya miaka michache tunasikia kuna kiwanja. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 ipo, lakini choo kinachofanya kazi na taa inayowaka huilinda ardhi kila siku kuliko rangi ya kijani kwenye ramani ya ofisini. Tena pasipo na choo, mama mwenye mtoto mdogo hakai zaidi ya nusu saa. Pasipo na taa, ikifika saa moja jioni wasichana wameshaondoka. Wanaopenda kusema kivuli kinatosha wanapaswa kujibu jambo hili, na mara nyingi hawalijibu.

Upande wa pili unasema tutunze kilichopo kwanza. Nguvu yao iko kwenye hesabu, na hasa hesabu ya maji. Tuchukue ekari moja tu ya ukoka. Ili ibaki ya kijani wakati wa kiangazi inahitaji maji ya kina cha kama milimita 5 kwa siku, na kwa joto la Septemba na Oktoba hata zaidi. Ekari ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo tunazungumzia lita 20,000 kila siku. Hizo ni ndoo 1,000 za lita 20. Kwa bili ya maji ni uniti 20 kwa siku, na kiangazi chetu cha kuanzia Mei hadi Oktoba kina siku 180 na ushee: uniti 3,600 kwa ekari moja, kabla hujamlipa anayemwagilia. Ni kweli maji ya Ziwa Victoria sasa yamefika Tabora, na mji hautegemei tena bwawa la Igombe peke yake. Ila maji hayo yanasafirishwa mbali kwa mitambo, na sioni sababu ya kuyamwaga kwenye nyasi ilhali zipo kaya zinazohesabu kila ndoo.

Linganisha na miche 100 ya miti ya kivuli. Tuseme kila mche upewe lita 20 mara mbili kwa wiki katika viangazi viwili au vitatu vya mwanzo. Hizo ni uniti 4 kwa wiki, wakati ekari ya ukoka inakula 140. Mizizi ikishashika chini, mti unajitafutia wenyewe. Tofauti hii ni kubwa mno, na mchoro wowote wa bustani unaoanza na zulia la nyasi umechorwa kwa ajili ya mji mwingine wenye mvua nyingine.

Kuna pia namna fedha za halmashauri zinavyokaa. Kujenga ni mradi wa maendeleo. Una mkandarasi, una siku ya uzinduzi. Kutunza kumo kwenye matumizi ya kawaida, na huko ndiko panapobanwa kwanza makusanyo yakipungua. Taa za sola ni mfano ulio wazi. Zikifungwa zinapendeza, lakini betri zake zina umri, na baada ya miaka michache zinahitaji kubadilishwa. Kama fungu hilo halikuandikwa tangu siku ya kwanza, tutabaki na nguzo.

Hata hivyo, watetezi wa matunzo nao wana udhaifu wanaoupita haraka. Wanazungumza kana kwamba kutunza ni kutogusa. Angalia tunavyotunza sasa. Kila asubuhi ufagio unapita chini ya mwembe hadi udongo unabaki mtupu, majani yanakusanywa pembeni, yanachomwa moto. Tunaita usafi, na mfagiaji husifiwa. Lakini majani yale ndiyo yangekuwa matandazo ya kuzuia jua lisinyonye unyevu, kisha yakaoza na kuwa mboji. Tunapoyachoma mwaka hadi mwaka, udongo unapungua kidogokidogo kwa ufagio na kwa mvua, mizizi inatokeza juu, na miguu yetu inaukandamiza hadi maji ya mvua ya Novemba yanateleza juu yake badala ya kuzama. Kazi inafanyika kila siku kwa bidii, na bado inaumiza mti. Wala mfagiaji hana kosa. Hakuna aliyemwambia majani yabaki, wala kumwonyesha ayaweke wapi ili nyoka na takataka visijifiche humo.

Mtaani kwetu palikuwa na mwembe ambao watu waliupenda hasa. Walioamua kuupendezesha walimwaga zege kuuzunguka shina hadi karibu na gome, wakajenga kibaraza cha kukalia. Tulifurahi. Msimu wa kwanza haukuonyesha kitu. Baadaye matawi ya juu yakaanza kukauka ncha, embe zikapungua, na haikuchukua miaka mingi tukawa tunakaa juani kwenye kibaraza kile. Mizizi inahitaji hewa na maji, na vyote viwili vilizibwa. Kwa hiyo sipingi pevingi. Napinga pevingi zinazofika kwenye shina. Ziachwe mbali, hata kama mchoro unazitaka karibu.

Udhaifu mwingine ni wa umri. Miti iliyopandwa pamoja huzeeka pamoja. Baadhi ya miembe mikongwe ina shina lenye uwazi ndani, mchwa wameshafika, na upepo unaotangulia mvua za kwanza hauchagui tawi la kuangusha. Embe nazo, tamu kama zilivyo, zikiiva kwa wingi kuanzia Novemba huoza chini na kuita inzi, na mawe ya watoto yanayozitafuta hayaangalii kichwa cha nani kiko chini. Anayeipenda miti hii kweli akubali ipogolewe na mtu anayejua kazi, akubali ule uliokufa uondolewe, na akubali kwamba nafasi yake si lazima ichukuliwe na mwembe. Mijohoro na miarobaini inastahimili ukame wetu na haiangushi matunda mazito juu ya watoto.

Mimi naegemea upande wa matunzo, kwa sharti kwamba choo na taa chache visisubiri. Ningetaka mpango uanze na jambo dogo: kila mti ukaguliwe na kuandikwa afya yake, ili tujue upi wa kupogoa mwaka huu na wapi pa kupanda. Kisha bomba la maji na choo, kila kimoja kikiwa na mtu anayelipwa kukisimamia. Bembea zifuate. Mgahawa ukija, uje kwa mpangaji anayelipa kodi.

Na kodi hiyo iende wapi? Hili linanisumbua kuliko yote. Malipo yanayolipwa serikalini yanapitia namba ya malipo na kuingia kwenye mapato ya halmashauri kwa ujumla, kwa hiyo bustani inaweza kuingiza fedha na ikaendelea kukosa ufagio. Madiwani wakipitisha bajeti, waweke fungu la bustani lenye jina lake, linalosomeka. Kazi ya kila siku inaweza kupewa kikundi cha vijana au wanawake kwa mkataba wa mwaka. Sheria ya ununuzi wa umma tayari inataka asilimia 30 ya ununuzi itengwe kwa makundi maalumu. Kikundi chenye kitalu chake cha miche kitakuwa na sababu ya kutaka miche iishi.

Kiingilio ninakikataa. Anayepumzika hapo mchana ni mwanafunzi, mgonjwa anayesubiri basi la kurudi kijijini, mbeba mizigo wa sokoni. Shilingi 500 kwao ni chai. Walipe maharusi wanaokuja kupiga picha, walipe wenye sherehe na wenye vibanda. Ninajua hoja ya wanaotaka uzio: mbuzi hula miche, na usiku watu hutupa taka. Kwa miche, kila mmoja uzungushiwe kizuizi chake cha fito hadi ukue. Kwa mipaka ya eneo, michongoma iliyokatwa chini kwa kimo cha kiuno inatosha, yenye nafasi za kupita pande zote nne, mojawapo pana vya kutosha kwa kiti cha magurudumu.