Mdomo Wangu Umenifanya Mwenyekiti

Elimu ni bure. Nalisema hili mapema, mtu asije akanishika shati kesho mwaloni akadai napinga serikali. Ada hakuna, nimeusoma waraka wenyewe wa elimu bila malipo kwa macho yangu mawili. Ninachouliza ni kimoja tu: mbona tangu iwe bure sijawahi kutoka mkutano wa wazazi nikiwa na hela ya nauli?

Mimi ni mtu wa dagaa. Nachukua mzigo Kibirizi, hapa Kigoma, naanika, nauza soko la Mwanga. Maisha yangu yanaongozwa na mwezi, na si huu wa kalenda, ni ule wa juu. Likiwa giza, wavuvi wanaingia ziwani na taa zao, dagaa wanapatikana, nami natembea katikati ya barabara nikisalimia watu. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi inalala, nami napita uchochoroni nisionane na mwenye duka. Basi katika miaka yangu yote ya uzazi nimegundua jambo: mkutano wa shule huitishwa mbalamwezi. Sijui nani amewapa kalenda yangu. Mwaka 2024 serikali ilipofunga Ziwa Tanganyika miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wapumzike wazaliane, kipindi hichohicho nilipokea barua tatu kutoka shuleni. Samaki wamepumzishwa. Mzazi hapana.

Sasa siku ya tukio agenda ilikuwa mchango wa mlinzi. Nilikuwa nimekaa nyuma, karibu na mlango, sehemu ya watu wanaojua watakachoulizwa. Sijui nini kilinipanda kichwani. Nikasimama.

"Mwalimu Mkuu, shikamoo. Elimu ni bure tangu Januari 2016. Mwaka 2018 Rais Magufuli, Mungu amrehemu, alikataza michango shuleni, nchi nzima ikasikia. Leo tunaambiwa mlinzi. Naomba kuuliza, huyu mlinzi analinda nini? Maana mwanangu kaniambia hata chaki zinavunjwa vipande viwili ili zitoshe!"

Weee! Makofi. Mama mmoja alipiga kigelegele. Nilijisikia kama nimeshinda ubunge. Kosa langu lilikuwa kubaki nimesimama nikiyafurahia yale makofi badala ya kukaa chini kama mtu mwenye akili. Mzee mmoja mbele akageuka, akanitazama kwa upole, upole wa mchinjaji, akasema: "Huyu kijana anaongea vizuri. Na kamati ya shule haina mwenyekiti."

Nina miaka arobaini na sita. Sijaitwa kijana tangu nioe. Nilipofumbua mdomo kueleza kwamba nina mzigo juani na mvua inanyemelea, mikono ilikwishapanda kama darasa la kwanza linaloomba ruhusa ya kwenda chooni. Nilichaguliwa kwa kishindo. Mkono wa kwanza kupanda, na niliuona vizuri, ulikuwa wa mama watoto.

Jumatatu Mwalimu Mkuu akaniita ofisini kunikabidhi siri za nchi. Ofisi yenyewe ni nusu darasa, nusu stoo ya majembe. Akafungua faili, akaanza kwa sauti ya daktari mwenye majibu mabaya.

"Mwenyekiti, serikali inatuletea fedha za kapitesheni. Kila mwanafunzi wa msingi ana shilingi elfu kumi."

Nikatabasamu. Elfu kumi si haba.

"Kwa mwaka," akasema.

Tabasamu likapungua kidogo.

"Na katika hizo, elfu nne inabaki huko juu kwa ajili ya vitabu. Inayoingia akaunti ya shule ni elfu sita."

Mimi ni mfanyabiashara, hesabu naifanya usingizini. Elfu sita gawanya kwa miezi kumi na miwili: mia tano. Mtoto mmoja, mwezi mzima, shilingi mia tano. Kwa mama ntilie wa hapo getini mia tano ni chapati, na ukiomba maharage juu yake anakuuliza kama umekuja kununua au kusalimia. Chapati hiyo moja ndiyo inayotakiwa kuwa chaki, mitihani, mpira wa michezo, kitasa cha choo na karatasi za kuandikia barua za kuniita mimi mkutanoni.

Nikasema labda wamekosea, labda sifuri imedondoka njiani kati ya Dodoma na hapa, maana treni yetu nayo huwa inadondosha vitu. Mwalimu Mkuu akacheka kidogo. Hiyo elfu kumi, akasema, iliwekwa mwaka 2002 wakati wa MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, ada ya shule za msingi ilipofutwa. Enzi hizo elfu kumi ilikuwa karibu dola kumi za Marekani. Dola ikaenda zake, ikapanda mabasi, ikapanda ndege. Elfu kumi yetu ikabaki palepale stendi inasubiri. Mwaka 2016 elimu bila malipo ilipoanza wakaikuta, wakaisalimia, wakaendelea nayo. Mwaka 2002 mimi nilikuwa sijazaa. Nilikuwa na kiuno cha kupenya dirishani. Kila kitu katika mwili wangu kimeongezeka tangu mwaka ule, ila elfu kumi ya mtoto wangu ina kiuno kilekile.

Nisiwe mwizi wa fadhila lakini. Zamani hizo fedha zilikuwa zinapita halmashauri kwanza, na pesa ikipita mikono mingi inachubuka. Tangu 2016 zinaingia moja kwa moja akaunti ya shule, na zinaingia kweli, nimeuona muhtasari. Tena mwaka 2022 wakafuta na ada ya kidato cha tano na cha sita. Mpwa wangu amefaidika, sasa anaongea Kiingereza na mbuzi.

Kuhusu mlinzi niliyemsema, nikaja kujua kwamba hana fungu. Hayupo kwenye kapitesheni, hayupo popote. Analipwa na wazazi wanaojisikia. Mwezi uliotangulia wazazi waliojisikia walikuwa kumi na moja. Nilipokwenda kujitambulisha kwake kama mwenyekiti mpya alinishika mkono, hakuuachia. "Mwenyekiti, nilisikia uliuliza nalinda nini." Mimi kimya. "Nalinda subira yangu," akasema, akaenda kukaa kwenye kigoda chake chini ya mwembe. Tangu siku ile nikipita pale nampa heshima ya mkwe.

Sasa njoo kwenye boma, yaani jengo la darasa lililoishia kwenye kuta. Kila shule hapa mjini ina boma lake. Wazazi tulichanga mawe, tukachanga mchanga, tukafyatua tofali, tukapandisha ukuta mpaka lenta. Utaratibu unasema wananchi waanze kwa nguvu zao, serikali imalizie, na serikali ikija inaweka shilingi milioni 12.5 kwa kila boma la darasa. Utaratibu mzuri kabisa. Shida ni lile neno "ikija". Boma letu limesubiri kiasi kwamba ndani yake umeota mpapai. Mpapai ukakua, ukapita lenta, ukatoka pale ambapo paa lingekuwa, na mwaka huu umezaa.

Msicheke, maana ule mpapai ndio ulionionyesha uongozi ni nini. Kikao changu cha kwanza kilikuwa na agenda mbili: tundu za choo za wasichana, na papai ni za nani. Choo tulikimaliza kwa dakika tano, kwa sababu hela hakuna na mjadala wa kitu kisicho na hela huwa mfupi. Papai zilichukua saa nzima na robo. Mjumbe mmoja alisema ni mali ya shule. Mwingine akasema ardhi ni ya shule, sawa, ila mbegu iliangushwa na fundi wetu akila papai lake mwenyewe, kwa hiyo ni nguvu za wananchi. Mwakilishi wa walimu akauliza kama papai linaweza kuingizwa kwenye taarifa ya mapato. Hapahapa Ujiji mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone, wakamaliza kikao kwa sentensi moja na kupeana mikono. Laiti wangekuwa na papai, wangekuwa pale mpaka leo.

Kitasa cha choo nacho kina kisa chake. Nilidhani kitasa ni jambo la kumwita jirani yangu seremala, anakuja na bisibisi, anapewa chake, anaondoka. Thubutu! Siku hizi manunuzi ya umma yanapita kwenye mfumo wa mtandaoni, unaitwa NeST. Mzabuni lazima awe amesajiliwa humo. Jirani yangu ana simu ya tochi. Kitu pekee alichowahi kusajili maishani ni laini, nayo kwa kitambulisho cha mke wake. Nikakaa naye jioni nzima namweleza kwamba ili apige misumari minne inabidi awe na TIN, ile namba ya mlipakodi, na barua pepe, na nywila asiyoisahau. Akanisikiliza, akakuna kichwa, akauliza, "Ndugu yangu, hicho kitasa ni cha choo au cha Benki Kuu?" Mimi naelewa mfumo umewekwa kuzuia wizi, na wizi ulikuwepo, tusidanganyane. Ila watoto wa kike wanashikiana mlango kwa zamu, mmoja ndani, mmoja nje, huku mfumo unafikiri.

Anayenifurahisha peke yake ni bibi wa jirani anayelea wajukuu watatu. Yupo kwenye mpango wa TASAF, ule wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na sharti lake mojawapo ni watoto wahudhurie shule angalau asilimia 80. Bibi huyo hajawahi kukaa darasani hata siku moja, lakini asilimia 80 anaijua kuliko afisa elimu. Mjukuu akikohoa asubuhi anamwambia, "Kakohoe shuleni." Mvua ikinyesha anawafunika magunia, anawasindikiza mpaka getini, anasubiri jina liitwe. Mwalimu wa darasa ananiambia kuna siku bibi alimfokea kwa kusahau kuchukua mahudhurio.

Halafu ukaja uji. Waraka unasema wazi: serikali imeondoa ada, ila sare, madaftari na chakula cha mtoto wa kutwa ni juu ya mzazi. Tukakubaliana kwenye mkutano, kwa hiari, kila kaya ilete kilo za mahindi na kahela ka sukari na kuni. Hiari ni neno la ajabu. Mchango wa hiari ni ule ambao usipotoa, jina lako linasomwa. Na anayesoma majina, kwa mujibu wa cheo, ni mwenyekiti.

Nikaanza kampeni nyumbani, maana mfano hutoka kwa kiongozi. Mama watoto alikuwa anakaanga migebuka kwa mawese, hakugeuka hata kunitazama.

"Mheshimiwa," akasema, "elimu ni bure tangu Januari 2016."

"Mke wangu, hii ni hiari..."

"Mwaka 2018 Rais Magufuli, Mungu amrehemu..."

"Naomba unisikilize."

"...nchi nzima ikasikia."

Alikuwa ameikariri hotuba yangu yote, mpaka mahali nilipokohoa. Nililipa mchango wa nyumba yangu kwa siri, kwa kumwambia mwekahazina asiandike tarehe.

Sasa hivi nikipita Mwanga naona watu wanaingia uchochoroni. Watu wazima, wenye ndevu. Zamani nilikuwa naamkiwa "mwakeye" kutoka mbali. Siku hizi mtu akiniona anaongea na simu isiyo na mtu. Juzi nilimkuta mwenzangu wa biashara amejificha nyuma ya lundo la ndizi. Nikamwambia, "Toka tu, mimi nimekuja kununua ndizi." Akatoka kwa tahadhari, akanipa kichane kizima, akakataa hela. Baadaye nikagundua ameandika kwenye daftari lake: mwenyekiti, ndizi, mchango wa uji umelipwa.

Na bado mazito yanakuja. Sera mpya ya elimu, ile ya 2014 toleo la 2023, inasema elimu ya lazima iwe miaka kumi, na msingi uishie darasa la sita. Maana yake utafika mwaka ambao la sita na la saba watamaliza pamoja, wagonge mlango wa sekondari siku moja. Nimewaza hilo usiku, nikawaza boma letu, nikawaza mpapai. Labda tuoteshe mingine, angalau kivuli kipatikane.

Jumamosi iliyopita ulikuwa mkutano. Mbalamwezi, bila shaka. Nikasoma mapato, nikasoma matumizi, nikafika kwenye uji, nikaanza na majina. Hapo akasimama kijana mmoja kule nyuma, karibu na mlango, fundi wa bodaboda, kifua mbele.

"Mwenyekiti, shikamoo. Sisi tuliambiwa elimu ni bure. Sasa leo uji, kesho mlinzi, keshokutwa..."

Makofi yakaanza. Moyo wangu ukaruka kwa furaha, sijawahi kuruka hivyo tangu siku ya harusi. Nikamtazama kwa upole. Nikageukia mkutano, nikasema, "Jamani, huyu kijana anaongea viz—"

Akakaa. Pale pale, sentensi imekatika katikati, hata kitenzi haijapata. Akainama akaanza kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala. Pembeni yake nikamwona mama watoto, amejitanda khanga mpaka puani, mabega yanamtikisika kwa kicheko.