Nyumba zipo, za kupanga hakuna

Jioni ya Novemba, kabla watelezaji wa theluji hawajamiminika, pita kwenye mji wowote mdogo wa milimani unaoishi kwa utalii uhesabu madirisha yanayowaka taa. Machache. Milangoni kumening'inia visanduku vya namba vya kuhifadhia funguo: humo analala mgeni wa usiku mbili tatu. Mpishi au dereva wa basi anayetafuta fleti huambiwa kuna ya miezi sita tu. Aingie theluji ikiyeyuka, atoke kabla haijaanguka tena.

Mwenye nyumba naye ana hesabu zake. Wiki chache za msimu zaweza kumlipa kuliko mpangaji wa mwaka mzima, na nyumba anaikuta wazi wanawe wakija likizo. Kuuambia mji ujenge zaidi ni rahisi ukiwa bondeni. Huku juu ardhi tambarare ni chache, na pengine hairuhusiwi kujengwa kwa sababu ya maporomoko ya theluji.

Uswisi iliamua kubana. Kura ya Machi 2012, iliyopita kwa asilimia 50.6 tu, iliweka ukomo wa nyumba za mapumziko: asilimia 20 ya nyumba zote za manispaa. Nia ilikuwa njema, ila nyumba zilizojengwa kabla ya kura ziliachwa huru kuuzwa hata kwa anayetaka ya mapumziko. Mwenye fedha aliyenyimwa jengo jipya akageukia la zamani, yaani lile lile alimopanga mwenyeji. Wanaotetea kura hiyo watasema miteremko imenusurika na saruji, na ni kweli. Mpangaji lakini halali kwenye mteremko.

Vail, jimboni Colorado, Marekani, haikukataza, ilinunua. Mji humlipa mwenye nyumba fedha taslimu, naye hukubali sharti la kudumu kwenye hati: atakayeishi humo awe anafanya kazi katika kaunti hiyo, wastani wa saa 30 kwa wiki. Naipenda njia hii kwa sababu haimgeuzi mtu adui, na sharti linabaki hata nyumba ikiuzwa. Kasoro yake ni kubwa: kodi ya pango haina kikomo. Mfanyakazi amehakikishiwa mlango, si uwezo wa kuulipia. Tena ni mji tajiri. Wenye kasma nyembamba wataiga kwa fedha gani?

Whistler, Kanada, ndiyo iliyonishawishi zaidi. Tangu 1997 ina chombo chake cha kusimamia nyumba za wafanyakazi, na humo kodi, hata bei ya kuuzia, vimewekewa kikomo. Anayenunua anajua mapema kwamba hatatajirika kwa kuuza. Wapo wanaoliita jambo hilo dhuluma. Mimi naona aliyeingia kwa bei ya chini hana la kudai zaidi.

Ila foleni ya kuzisubiri ni ndefu, na mpishi aliyefika juzi yuko mkiani. Msimu huu atarudia ule mkataba wa miezi sita, na Oktoba atafungasha.