Thor wa Filamu na Thor wa Edda

Wengi wetu tulimjua Thor, mungu wa radi, kwenye filamu za Marvel kabla ya kujua kwamba ana asili ya kale. Wanaozifahamu simulizi za Skandinavia hukasirikia filamu hizo, na wana hoja. Loki amefanywa ndugu wa kulelewa wa Thor, ilhali katika mashairi ya kale alichanjiana damu na Odin mwenyewe, mkuu wa miungu na baba wa Thor. Hela, mtawala wa wafu, amefanywa binti wa Odin. Kwa asili ni mtoto wa Loki.

Ila hiyo "asili" nayo ina mambo yake. Tegemeo kubwa ni Edda, kitabu cha simulizi hizo alichokiandika Snorri Sturluson huko Iceland kwenye miaka ya 1220. Snorri alikuwa Mkristo, na kisiwa chake kilikuwa kimeupokea Ukristo karibu na mwaka 1000. Naye basi alikuwa akisimulia upya, tena kwa lengo lake: kuwafunza washairi mafumbo ya kale yasipotee. Ukimkatalia msimulizi wa leo haki hiyo, umemkatalia na Snorri.

Kwangu mimi, swali ni kipi kimeachwa njiani. Chukua kisa cha Fenrir. Miungu walimlea mbwa mwitu huyo kwao, kisha wakaingiwa na hofu jinsi alivyokua. Minyororo miwili aliikata. Mara ya tatu wakamletea utepe laini kama hariri, uliotengenezwa kwa kishindo cha nyayo za paka, ndevu za mwanamke na pumzi ya samaki. Akashuku hila, akataka mmoja wao amtie mkono kinywani uwe rehani ya ahadi kwamba akishindwa kuukata watamfungua. Wakatazamana. Tyr peke yake ndiye aliyetoa wake wa kulia. Fenrir alipofurukuta akashindwa kujinasua, miungu wote walicheka, isipokuwa Tyr, ambaye mkono wake ulikuwa umekwenda.

Kwa hiyo Fenrir anapommeza Odin siku ya Ragnarok, yaani siku ya maangamizi ya miungu, analipiza ahadi iliyovunjwa. Katika filamu ya 2017, Thor: Ragnarok, yeye ni mnyama wa vita wa Hela tu, hana anachodai. Hata hivyo, filamu hiyohiyo inamtwisha Odin hatia nyingine: himaya aliyoijenga kwa damu, kisha akaificha hata kwa wanawe. Ukoo umevurugwa, lakini maangamizi bado yanatoka ndani ya nyumba yao wenyewe, na hapo waandishi wake walimwelewa Snorri vizuri kuliko wanavyosifiwa.