Blada si springi, na grafu iliyopinda si makosa

Jumamosi nilitoka soko la Kibuye, Kisumu, na nusu gunia ya viazi nikachukua boda ya kunifikisha Kiboswa, na yule kijana akafunga mzigo kwa karia na blada vile wote hufunga, tyubu kuukuu imekatwa ukanda mrefu, akavuta hadi mishipa ya mkono ikasimama. Kufika Kondele akaegesha kando bila mimi kusema kitu. "Ngoja siste, lazima nikaze tena." Akakaza, na kutoka hapo tukapita Mamboleo tukapanda mlima mpaka Kiboswa bila kusimama tena. Nikamuuliza mbona mara moja tu. Akasema blada inalegea sana pale mwanzo, baadaye inalegea pole pole huwezi hata kusikia.

Hiyo sentensi yake ndo imenifanya niandike, kwa sababu nimesoma hesabu za raba miaka kadhaa na huyo kijana amezisema zote kwa pumzi moja, na bado shuleni tunafunza watoto kana kwamba raba ni springi.

Nikiwa kidato cha pili tulifanya ile jaribio ya Hooke, yule aliyesema springi inavutika sawasawa na uzito, unaning'iniza uzito unapima urefu unachora laini. Springi za labu hazikutosha, kwa hivyo kikundi chetu tukapewa rababendi. Grafu yetu ikapinda. Tukaambiwa tumepima vibaya, turudie, tukarudia ikapinda vile vile, mwishowe tukachora laini iliyonyooka kwa rula katikati ya nukta ndo tupate maksi. Mpaka leo hiyo kitu inaniuma, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepima vibaya, raba ilikuwa inatuambia ukweli na sisi tukafunzwa kuukana.

Hebu tuangalie ndani yake. Springi ya chuma ukivuta unasogeza atomu kutoka mahali zimekaa, zinakataa, basi. Raba ni tofauti kabisa. Ni minyororo mirefu ya molekuli imejikunja kama nyuzi za sufu, na hapa na pale imefungwa pamoja kwa salfa (hiyo ya salfa na moto ndo Charles Goodyear aligundua 1839, kabla ya hapo raba ilikuwa inayeyuka jua likiwaka na kukauka baridi ikija). Ukivuta, minyororo inanyooka. Sasa mnyororo uliokunjika una njia nyingi sana za kukaa lakini ulionyooka kabisa una moja tu, na joto linatikisa hizo molekuli kila saa, kwa hivyo zinarudi kukunjika. Nguvu unayosikia mkononi kwa sehemu kubwa ni hiyo tikisatikisa.

Ukiweka hiyo fikra kwa hesabu unapata kitu kifupi cha ajabu. Chukua urefu mpya ugawe kwa urefu wa kwanza, tuite L. Nguvu inaenda na L − 1/(L × L), yaani unagawanya moja kwa L mara L kwanza ndo unatoa jibu hilo kwa L, halafu unazidisha na namba moja tu ya ugumu wa hiyo raba. Vuta asilimia 10, yaani L ni 1.1, unapata 0.27 kabla ya kuzidisha na hiyo namba ya ugumu. Vuta mara mbili unapata 1.75. Ingekuwa springi ungengoja karibu 2.7, mara kumi ya ile ya kwanza, kwa hivyo raba imelainika kumbe, na hapo ndo grafu yetu ilipinda! Vuta mara tatu ni 2.89. Mbele zaidi minyororo inaisha kunyooka na raba inakuwa ngumu ghafla, grafu inapanda kama ukuta, na hiyo fomula fupi haifiki huko. Wanasayansi wengine wakaiendeleza: Mooney mwaka wa 1940 na Rivlin 1948 waliongeza kipande, Ogden 1972 akaongeza namba zaidi, na Arruda na Boyce 1993 wakachora minyororo 8 ndani ya boksi ikitoka katikati kwenda kila kona. Mimi napenda hiyo ya boksi kushinda zote, kwa sababu ina namba mbili tu na kila moja unajua inatoka wapi, ukiongeza namba nyingi bila sababu utapata laini inayopita kwa kila nukta na bado hujaelewa raba.

Sasa turudi kwa kulegea. Mwanafizikia Maxwell mwaka wa 1867 alituachia hesabu ambayo huchorwa kama springi imefuatana na kitu kama shokabsoba, ukivuta ukashikilia nguvu inashuka mpaka iishe. Blada haifanyi hivyo, inalegea lakini haiachi mzigo, basi unaweka springi nyingine kando yake. Bado haitoshi, kwa sababu ndani ya raba kuna mikia ya minyororo inayojipanga kwa sekunde na mingine inachukua siku, kwa hivyo unahitaji shokabsoba nyingi, kila moja na saa yake. Ukizijumlisha unakuta nguvu inayopotea kati ya dakika ya 1 na ya 10 inakaribiana na ile ya dakika ya 10 mpaka 100, yaani kulegea kule kule sasa kunachukua muda mara kumi. Kibuye mpaka Kondele ni dakika chache tu, kulegea kwingi kwa safari nzima kumeisha hapo. Yule kijana anasimama mahali panapofaa kabisa.

Na si mambo ya viazi peke yake. Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Challenger kililipuka Marekani wakafa watu 7, na chanzo kilikuwa pete ya raba iliyopoa usiku wa baridi ikakosa kurudi haraka kuziba pengo. Mwanafizikia Feynman aliionyesha kamati ya uchunguzi kwa glasi ya maji ya barafu tu, akakibana kipande cha raba ndani, akakitoa, hakikurudi haraka.

Mtoto wa dada yangu yuko kidato cha pili sa hii. Jana jioni tumetundika rababendi kwa msumari jikoni, tumeweka uzito ikavutika karibu mara mbili, nikamwambia springi ikipata joto inalegea kidogo, raba je? Akasema italegea pia. Tukasogeza mvuke wa sufuria karibu, na uzito ukapanda. Akanyamaza, akaniambia, "Auntie, rudisha tena," na mara ya pili alikuwa ameshashika rula.