Shemeji na Pinboli

Shemeji yangu alikuwa fundi umeme Temeke kabla hajahamia Chicago, na ukikaa naye dakika mbili atakuwa keshakwambia. Aliponunua pinboli mbovu, ile mashine ya mchezo wa kupiga goroli chini ya kioo, kwa bei ya kutupa, nikamshauri atafute anayezijua. "Nimefunga umeme magorofani, nishindwe na toi?"

Mji wenyewe ndiko pinboli zilikokulia. Mwaka 1947 kampuni ya Gottlieb ya hapo hapo Chicago ilitoa Humpty Dumpty, iliyoleta flipa, vile vijimkono vya kurudishia goroli juu. Kabla ya hapo ulikuwa unafyatua goroli halafu unamwachia Mungu.

Ya shemeji ni ya miaka ya 80. Kila flipa inavutwa na koili ya volti 50, yaani sumaku ya umeme ya waya uliozungushwa, yenye waya wa aina mbili: mnene wa kupigia, mwembamba wa kushikilia. Flipa ikifika juu, kiswichi kidogo kinaachana, umeme unalazimika kupitia waya mwembamba pia, unapungua, koili inapumua. Kishike vizuri hicho kiswichi.

Kwanza alichomea kinyume dayodi ya koili, kile kidude kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Ule mstari wake hukaa upande unaoingilia umeme, yeye akaugeuza. Nikabonyeza kitufe: tap! Fyuzi kwisha. Akaweka nyingine, tap! Basi akachomoa mfukoni fyuzi moja ya kibabe. "Hii haikati." Kweli haikukata, ila dayodi ilipasuka. Akafunga mpya, safari hii sawasawa, na ile fyuzi ya kibabe akaiacha humo humo.

Kisha akapiga magoti na tochi. "Unaona? Flipa ikipanda, swichi hii inaachana. Ubovu ndio huu."

"Shemeji, karatasi ya maelekezo inasema lazima iachane."

"Swichi kazi yake kugusana." Akachukua koleo, akavikunja vile vibati viwili mpaka vikakumbatiana kama ndugu walioonana uwanja wa ndege.

Tukawasha. Lo, flipa ilipiga hiyo! Shemeji akalinasa goroli juu ya flipa ya kushoto, kidole hakibanduki kwenye kitufe, na mkono wa pili akampigia mama kwa video ili mkwe aone ufundi.

Sasa, salamu za mkwe hazikatishwi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Watoto hawajambo? Mama yako na mguu wake? Na kile kikohozi chako?"

Kamoshi kembamba kakaanza kutoka chini ya kioo. Nikamkonyeza. Akanikazia macho: huoni naongea na mama? Mama akahamia kwenye msiba wa jirani. Moshi ukaongezeka, harufu ya plastiki ikatanda chumba kizima. Shemeji anaitikia "naam mama, poleni sana," jasho linamtiririka, kidole palepale.

"Baba, mnaunguza nini huko?"

Kengele ya moshi ikalia. Nikachomoa waya ukutani. Karatasi ya koili ilikuwa imekuwa nyeusi, kile kibomba cha plastiki cha ndani kimeyeyuka na kuubana mchi, kile chuma kinachovutwa na koili, flipa imesimama juu haishuki hata kwa kubembelezwa. Dada akateremka mbio, akafungua madirisha yote, Januari ile ya Chicago, hakumsemesha mtu.

"Koili zao hafifu," shemeji akasema.

Simu ilikuwa bado hewani. "Mkwe wangu," mama akauliza taratibu, "na kule Temeke ulikuwa unafunga hivyo hivyo?"

"Mama, mtandao unakatakata," akasema, akakata.