Mwavuli wa Marehemu Babu

Mashetani wa Pemba kwa jumla wana haya. Wanakaa mibuyuni, wanakaa mapangoni, ukipita kwao bila ya hodi wanakuchezea kidogo, na siri inabaki baina yako, wao na mganga. Popobawa peke yake ndiye aliyekuja na sharti la kutangazwa. Akishamtokea mtu usiku akamfanya anayosemwa kuwa huyafanya (siyaandiki, mama yangu anasoma), humwambia: asubuhi kawaeleze wenzako, usipowaeleza narudi. Shetani anadai tangazo! Mimi wakati huo nilikuwa kijana, maalim mpya wa skuli ya msingi, na nilichokitamani duniani ni kusoma taarifa ya habari redioni. Kwa hiyo sharti hilo lilinishangaza kuliko hayo mabawa.

Mwaka ulikuwa 1995, Ramadhani iliyoangukia mwezi wa Februari. Habari zilianzia kwetu Pemba, na wazee hawakushtuka sana. Walisema huyu si mgeni, alishatutembelea miaka ya baada ya Mapinduzi ya 1964. Tena ulikuwa mwaka wa uchaguzi, wa kwanza wa vyama vingi tangu hayo Mapinduzi, Oktoba tunakwenda kupiga kura, basi kila barza ilikuwa na mjuzi wake. Wa chama hiki wakisema kaletwa na wa chama kile, wa chama kile wakisema kaletwa na wa chama hiki. Popobawa mwenyewe hakutoa taarifa yoyote kukanusha.

Mimi si mtu wa kukataa uchawi. Siwezi. Surat al-Baqara, aya ya 102, inawataja Harut na Marut na watu waliojifunza kwao la kumtenga mtu na mkewe, na Surat al-Falaq tunaisoma kila usiku kujikinga na wanaopuliza mafundoni. Atakayeniambia uchawi haupo namuuliza, basi tunajikinga na nini? Lakini Popobawa nilimkataa, na hoja yangu nikampelekea Ami, aliyekuwa akisalisha watu na kusomesha chuo cha Kurani uani kwake.

"Ami, uchawi umetajwa. Majini wametajwa. Popobawa katajwa wapi?"

Ami alikuwa anajikuna mgongo kwa ncha ya bakora. "Na kunguni katajwa wapi?" akasema. "Nenda kalale kitandani kwangu leo, asubuhi uniletee aya."

Basi watu walikuwa wanalala nje. Asiyeuona mwaka ule anadhani tunatia chumvi, lakini ndivyo ilivyokuwa: nyumba zimefungwa, familia nzima nzima ziko uwanjani juu ya mikeka na majamvi, moto umewashwa, karabai inavuma, wazee wanaleta dhikri, na watoto wanafurahi kupita kiasi kwa sababu hakuna anayewaambia wakalale. Kwetu, nje kidogo ya Wete, tulitandika chini ya mwembe mbele ya nyumba ya Bibi, na majirani wakaja na mikeka yao. Wanaume pembeni, wanawake na watoto kati. Katika mpango huo niligundua jambo: waliokuwa wakisema mchana kwamba hawaamini, usiku walilala katikati. Jirani yetu mmoja, fundi seremala, kutwa alikuwa akicheka kwenye barza mpaka machozi yanamtoka. Ikiadhiniwa Magharibi ndiye wa kwanza kutandika, tena baina ya watu wawili wanene.

Na popo tunawajua! Popo wakubwa wa Pemba hawapatikani pengine popote duniani. Mabawa yakifunguka ni mita moja na nusu na zaidi, na chakula chao ni matunda. Walikuwa wakiwindwa hata wakakaribia kwisha. Leo wageni wanalipa kwenda kuwatazama wakining'inia Kidike. Siku zile, popo wa watu akija zake kutafuta embe la mwisho la msimu, kijiji kizima kilikuwa kinahamia kwenye mkeka mmoja.

Mimi nilikuwa nalala ndani. Peke yangu, na mlango wa uani wazi kwa joto. Sikufanya hivyo kwa ushujaa. Nilikuwa nishasema mbele ya watu kwamba silali nje, na maalim akishasema keshasema. Redio yangu ndiyo iliyolala nje. Ami aliniazima asubuhi moja na hakuirudisha, akisema mambo kama haya lazima yafuatiliwe. Betri zake tulizianika juani zipate uhai, na zikigoma jioni, watu wa barza wakiniambia, "Maalim, hebu tusomee wewe." Basi naketi wima, nasafisha koo, naanza kwa sauti ya msomaji khasa: "Hii ni Sauti ya Tanzania Zanzibar..." Halafu nawapa habari za mchana nilizozisikia mjini, pamoja na bei ya karafuu. Kwa haki ya Mungu nilikuwa nasoma vizuri.

Ramadhani ikesha, Idi ikapita, watu bado wako nje. Ndipo usiku mmoja mvua ikaja, ile ya mwanzo wa masika isiyobisha hodi. Nikasikia zogo la mikeka kukunjwa, watoto kulia, karabai kuzimika. Nikamkumbuka Bibi. Miguu yake ilikuwa haimchukui tena, na nilijua katika zogo lile kila mtu angedhani mwenzake keshamshika mkono. Nikavuta kitu cha kwanza kilichokuwa nyuma ya mlango, mwavuli wa marehemu Babu.

Mwavuli huo lazima niueleze. Ulikuwa mweusi, mkubwa, wa mkono wa mti, ule ambao Babu alikwenda nao shamba na maziko miaka yote. Njiti mbili zilikuwa zimekatika, kitambaa chake kimechanika na kushonwa kwa uzi mweupe kama mshono wa hospitali, na pembe moja ilikuwa haijafungwa popote, inajipigia tu. Nikatoka nao kwa mlango wa uani, tumbo wazi, msuli umekunjwa magotini, nikaizunguka nyumba mbio.

Nilipopinda kona, upepo wa baharini ukaingia ndani ya mwavuli ukaupindua juu chini. Nikaushika kwa mikono miwili, nao unanivuta, mimi nauvuta, tunarukaruka. Umeme ukamulika, mweupe, mrefu. Walichokiona wenzangu kwa nukta ile ni kitu kirefu kisicho na shati, kinaruka pasi na sauti, mabawa meusi yamefunguka juu ya kichwa, bawa moja linapiga.

"Huyooo!"

Sijui nani alianza. Najua fundi seremala alipita kando yangu akielekea Konde. Shangazi, ambaye tangu Ramadhani alikuwa analala na mchi ubavuni, aliuzungusha gizani na ukanipata kwenye muundi. Nikainama. Nilipoinama, Ami akanivurumishia kilichokuwa mkononi mwake, nacho ni redio yangu. Ilinipata kwenye paji la uso, betri zikatawanyika topeni, na redio yenyewe ikapotelea gizani.

"Simama hapo hapo!" Ami akapiga kelele, sauti ile ya hotuba ya Ijumaa. "Kama u mtu, soma Ayatul Kursiy!"

Sasa. Ayatul Kursiy naijua tangu sijajua kufunga vifungo vya shati. Nimeisoma kabla ya mitihani, kwenye jahazi likiyumba, na makaburini nikipita peke yangu. Nikafungua mdomo niisome. Lakini kichwa kinavuma, damu inaingia jichoni, watu wote wamenyamaza wanakusubiri wewe useme, na kwangu mimi watu wakinyamaza kunisikiliza ulimi ulikuwa unajua kazi moja tu. Nikasafisha koo.

"Hii ni Sauti ya Tanzania Zanzibar," nikasema. "Ifuatayo ni taarifa ya habari."

Kimya. Mvua tu.

"Yarabi!" Shangazi akalia. "Limeimeza redio!"

Walipokuja tena sikuhesabu ngapi ni bakora na ngapi ni ndara. Nakumbuka nilikuwa naendelea kusoma, nadhani nilifika kwenye hali ya hewa. Aliyeniokoa ni Bibi, ambaye kama nilivyotabiri hakuna aliyemshika mkono, na alikuwa bado ameketi pale pale chini ya mwembe, kanga kichwani, analowa.

"Nyinyi mna wazimu?" akasema, wala hakupandisha sauti. "Huo msuli wa marehemu, nimeufua jana kwa mikono yangu. Shetani kaupata wapi? Mwacheni mjukuu wangu. Na mtu mmoja anishike, nimeroa."

Ami akanisogelea na kibiriti kinachokataa kuwaka, akanipapasa uso kama kipofu. "Weye!" akasema. Halafu, baada ya kufikiri: "Sasa Ayatul Kursiy imekushinda nini?" Mpaka anaingia kaburini, Mungu amrehemu, hilo ndilo alilonilaumu kwalo. Redio hakuitaja.

Shangazi alijua fika kuwa ni mimi. Yeye ndiye aliyenifunga bandeji. Lakini sharti ni sharti, usipotangaza anarudi, basi kwa tahadhari tu alitangaza. Kabla ya jua kupanda habari ilikuwa imepanda gari. Alasiri ikaturudia kutoka Chake Chake, imenenepa: Popobawa kakamatwa Wete, kapigwa, katoroka, na jambo la kutisha kuliko yote, anazungumza kwa sauti ya serikali. Barza moja ilisema huo ndio ushahidi waliokuwa wakiungojea. Barza ya pili ikasema anayeigiza sauti ya serikali ni mpinzani. Skuli, mtoto wa darasa la tatu alinyanyua mkono akauliza kwa adabu kama afungue dirisha ili nipate pa kutokea. Akaja na mzee mmoja kutoka Micheweni, safari yote hiyo, akanikuta mimi nimekaa nje na bandeji yangu, akaniomba nimwonyeshe lilipoangukia. Nikamwonyesha. Akaniuliza kama nililiona kwa macho yangu. Nikamwambia nilikuwa karibu sana.

Nacheka leo kwa sababu nilikuwa na Bibi. Miezi hiyo hiyo habari ilivuka bahari mpaka Unguja, watu wakalala nje huko nako, na mjini mtu mmoja mgonjwa wa akili alidhaniwa ndiye Popobawa, umati ukampiga mpaka akafa. Hapakuwa na mtu pale aliyeujua msuli wake.

Kwetu ikabaki kazi ya kuisafisha nyumba. Ami alitaka tusome Yasini, basi. Majirani wakataka mganga. Wakabishana kutoka Adhuhuri mpaka Alasiri, Ami akitaja shirki na wao wakitaja usiku unakuja, mpaka Bibi akakata shauri: "Yasini haiharibiki kwa kuku." Basi ikasomwa Yasini, na mganga akaja. Alikuwa mtu mpole, mwenye kofia nzuri ya viua. Akafukiza ubani, akazunguka mwembe, akanitazama mimi akatikisa kichwa, akautazama mwavuli akatikisa zaidi. Ugonjwa, akasema, hauko kwa kijana. Umo humu. Akataka kuku mweusi, na fedha kidogo ya ubani, na huo mwavuli akautupe baharini, tena mbali, tena yeye mwenyewe, kwa sababu mtu asiyejua akiugusa hatari yake ni kubwa. Bibi aliupiga busu mkono wa mti, akautoa. Kuku alikwenda naye pia.

Masika ikakolea. Siku moja nilishuka kwenye gari Konde, mvua inamwagika kama imetumwa, nikamwona mbele yangu mtu anatembea taratibu, mkavu kutoka kofia mpaka viatu, juu yake mwavuli mweusi mkubwa wenye uzi mweupe. Njiti zote zilikuwa zimetengenezwa. Nikamfuata mpaka nikawa ubavuni kwake, maji yananitiririka masikioni.

"Assalamu alaykum."

"Wa alaykumu salaam, Maalim!" Akanitambua, wala hakubabaika. "Mbona unaroa? Ingia, ingia."

Nikaingia. Tulikwenda bega kwa bega mpaka penye vibanda, na ni kweli kwamba haukuvuja hata tone. Akaniuliza hali ya Bibi, akaniuliza bandeji niliitoa lini, akaniuliza redio leo imesemaje.

Nikamwambia redio yangu haisemi tangu usiku ule, nimebadilisha betri, nimeianika, haisemi.

Akasimama. Akafikiri, ametazama mbali, kwa namna ileile aliyoutazama mwavuli.

"Niletee niione," akasema. "Kuku mmoja tu. Na kwa kuwa ni weye, si lazima awe mweusi."